Nilimwambia shosho kaburi la Yesu ni feki

Stori ya leo inaanza na mimi kubonga vibaya mezani.

Shosho yangu ameweka pesa kidogo kidogo kwa chama miaka sita ili aende Yerusalemu na watu wa kanisa lake. Desemba, tukila, akasema anataka kugusa lile kaburi akiwa bado na magoti. Mimi mwerevu wa nyumba, niliyeacha chuo mwaka wa pili nikaendelea na masomo kwa klipu za dakika moja, nikamjibu: "Shosho, hilo ni feki. Liko katikati ya mji, na Biblia inasema Yesu alisulubiwa nje." Akaweka kijiko chini. Hakuongea tena hiyo jioni.

Nikaenda kusoma. Kusoma kabisa, si kutazama klipu.

Kanisa la Kaburi Takatifu liko ndani ya kuta za mji wa kale, ni kweli. Lakini kuta tunazoona leo zilijengwa na Waturuki karne ya 16. Yesu alipokufa, karibu mwaka 30, mahali hapo palikuwa nje. Herode Agripa ndiye alianza ukuta mpya kati ya mwaka 41 na 44, ndipo mji ukapameza. Wachimbaji wamekuta machimbo ya mawe chini ya kanisa, na nyuma ya kikanisa cha Wasiria mle ndani kuna makaburi ya Kiyahudi ya wakati huo, yamechongwa mwambani. Wayahudi hawakuwa wanazika watu ndani ya mji. Hoja yangu ilifia hapo.

Halafu kuna ile bustani tulivu karibu na Lango la Dameski, ambako vikundi vingi vya Waprotestanti hupelekwa. Hiyo ilipata umaarufu baada ya 1883, Jenerali Gordon wa Uingereza alipoona mwamba unafanana na fuvu. Ndiye yule Gordon aliyeuawa Khartoum 1885. Shida ni kwamba mwanaakiolojia Gabriel Barkay alichunguza hilo kaburi akaona lilichongwa karne ya 8 au 7 kabla ya Kristo. Injili zinasema kaburi lilikuwa jipya. Kama unataka kuomba bila kelele, enda bustanini. Kama unataka historia, rudi kwenye lile kanisa lenye vurugu.

Kilichonishika zaidi ni hiki. Mfalme Hadrian wa Roma alijenga mji mpya juu ya Yerusalemu karne ya 2, na hapo pakawekwa hekalu la miungu yao. Karibu mwaka 326, watu wa Konstantino wakabomoa hekalu lote wakitafuta kaburi chini yake. Sasa fikiria: wakati huo mahali pako ndani ya ukuta, na kubomoa ni gharama. Mtu anayebuni uongo si angechagua shamba tupu huko nje? Walipachagua kwa sababu Wakristo wa pale walikuwa wakisema ni pale.

Lakini sitawadanganya. Kati ya Yesu na Konstantino kuna karibu miaka 300, na hakuna jiwe lenye jina. Stori ya Helena kupata msalaba, Eusebius aliyeishi siku hizo haitaji. Mwaka 1009 khalifa al-Hakim aliamuru kanisa libomolewe, na mwamba wenyewe ukavunjwa sana. Mwaka 2016 mafundi kutoka Athens walifungua marumaru ya juu, wakakuta bamba jingine la zamani, na chini yake mwamba. Chokaa ya hapo ilipimwa ikaonekana ni ya karibu mwaka 345. Kwa hivyo ni pale pale pa Konstantino. Kwamba ni pa Yesu, mimi naona kuna uwezekano mkubwa, lakini chokaa haiwezi kukuambia nani alilazwa hapo.

Wikendi iliyopita nikampelekea shosho hayo yote, pamoja na pole yangu. Nikamwambia makanisa sita yanagawana lile jengo na kugombana, hadi ufunguo wa mlango unashikwa na familia ya Waislamu, na kwamba watawa wa Ethiopia wanaishi juu ya paa.

Akanyamaza kidogo. "Juu ya paa? Na mvua ikinyesha?"

Nikasema kuna vyumba vidogo vya udongo huko.

"Basi nitawabebea blanketi," akasema, akarudi kwa mboga zake.