Ni Moto au Ni Mafuta? Lugha ya Gari Lililokataa Kuwaka

Msomaji mmoja wa safu hii, mwalimu wa shule ya upili katika kaunti ya Machakos, ameniletea swali ambalo limenikaa kichwani majuma mawili sasa. Anauliza: mbona tunajigamba kwamba Kiswahili kinatosha kwa sayansi, ilhali fundi akifungua boneti ya gari kila anachokigusa kina jina la kukopa? Injini, plagi, kabureta, pistoni, valvu, koili, gasketi. Hoja yake ni nzito na sitaikwepa. Ila nadhani ametazama nomino peke yake. Gari likigoma njiani, jambo la kwanza linalotakiwa si nomino bali kitenzi: limefanyaje? Limezima? Limekohoa? Linanguruma lakini halivuti? Limechemka? Linavuja? Hapo hatukubisha hodi kwa jirani yeyote. Maneno yalikuwa jikoni kwetu zamani, yakingoja kazi mpya.

Kwa kuwa mwuliza swali ni wa Machakos, acha nimjibu kwa historia ya kwao.

Konza ya leo wengi wanaijua kwa jiji la teknolojia ambalo ujenzi wake ulizinduliwa na Rais Mwai Kibaki Januari 2013. Kabla ya hapo Konza ilikuwa stesheni. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi Mei 1899 baada ya kuvuka nyanda hizo za Kapiti, na katika muongo wa 1910 tawi la kwenda Ziwa Magadi likachipuka papo hapo Konza. Kwa hiyo gari la moshi lilitangulia motokaa, na kwa sababu hiyo hiyo barabara ikapuuzwa. Ya nini kupasua njia ya magari kando ya reli ya serikali? Ndiyo maana Lionel Galton-Fenzi alipoendesha motokaa kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1926, safari ile ilihesabiwa kuwa ya kwanza, na baada ya kufa kwake akajengewa mnara katikati ya jiji la Nairobi. Miaka 27 baada ya reli! Aliyekuwa na motokaa kwenye nyanda zile katika miaka hiyo alikuwa na udongo mweusi unaonasa magurudumu wakati wa mvua, vumbi wakati wa kiangazi, maji ya shida, na hakuna gereji ya kukimbilia. Dereva na msaidizi wake ndio waliokuwa gereji.

Gari lenyewe lilikuwa la namna gani? Chukua Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani tangu 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, na ambayo ilisambaa Afrika Mashariki wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza na baadaye. Haikuwa na pampu ya petroli. Tangi lilikaa chini ya kiti cha dereva na mafuta yakashuka yenyewe hadi kwenye kabureta, kama maji ya mtungi uliowekwa juu ya kinara. Ndiyo maana, mafuta yakiwa machache na mlima ukiwa mkali, kabureta ilibaki juu na tangi chini, injini ikazima. Dereva mjuzi aligeuza gari akapanda mlima kinyumenyume. Haikuwa na pampu ya maji pia; maji ya moto yalipanda yenyewe na ya baridi yakashuka. Hata kipimo cha mafuta hakikuwapo: uliinua kiti, ukachovya kijiti.

Na ili injini iwake, lazima mtu asimame mbele ya gari na kuzungusha hendeli. Kazi hiyo ilikuwa na hatari yake. Kwenye usukani palikuwa na kijiti cha kuwahisha au kuchelewesha moto wa plagi. Dereva akisahau kuuchelewesha kabla ya hendeli kuzungushwa, moto huwahi, pistoni husukumwa kinyume, na hendeli hurudi kwa nguvu za kuvunja mkono. Waliofunzwa vizuri walivuta hendeli kwenda juu, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, wala hawakukizungusha kama mtu anayeshika jembe, ili hendeli ikirudi iponyoke mkononi. Henry Ford alianza kutia stata ya umeme katika magari hayo mwaka 1919 tu, na hata baada ya hapo malori mengi yaliendelea kubeba hendeli chini ya kiti kwa miongo kadhaa.

Hapa sharti nisimame kidogo kwa ajili ya neno moja. Tanboi. Wazee wetu walilitumia kwa msaidizi wa dereva wa lori. Watanzania wana tandiboi na utingo. Sisi baadaye tukapata manamba na makanga. Vijana wanadhani tanboi ni mpakiaji mizigo. Jina lenyewe lasema vingine: ni Kiingereza cha kijana wa kuzungusha. Hendeli imekwisha, aliyeizungusha amezeeka au amekufa, neno limebaki likitaja kazi isiyokuwapo tena. Na ni katika kuzungusha ndipo kijana huyo alipojifunza. Mkono wake ulihisi kama injini imebana au imelegea, kabla hata dereva hajashuka.

Sasa tuje kwenye ule utafutaji wa kosa. Mzee mmoja wa Konza, aliyeanza utanboi katika miaka ya mwisho ya ukoloni na akaishia kuwa fundi, alinieleza kwamba mjomba wake alimfundisha swali moja la kuanzia, nalo ni hili: ni moto au ni mafuta? "Mwalimu," akaniambia, "kama uko na moto na uko na mafuta na gari bado inakataa, basi rudi uangalie tena moja kati ya hizo mbili, kwa sababu umejidanganya." Sikuwa na la kuongeza. Vitabu vya uhandisi vingetaja pia hewa na mgandamizo, lakini kwa gari lililokuwa likienda saa moja iliyopita, ule mgawanyo wa mjomba ndio wa kuanza nao.

Angalia alivyosema: moto. Hakusema cheche, neno ambalo sisi wa vyuoni tungependelea, wala hakusema umeme. Kwa fundi wa zamani, kinachoruka kwenye ncha ya plagi ni moto, na injini inayofanya kazi inawaka, na iliyokoma imezima. Kwa Kiingereza gari huanza na husimama, kama mtu anayetembea. Kwa Kiswahili huwaka na huzima, kama jiko. Waingereza walitaja kinachoonekana nje. Sisi tukataja kinachotendeka ndani, kwa maana injini ya petroli ni nini kama si moto mdogo unaowashwa na kuzimika mara mamia kwa dakika? Sitaki kudai kwamba mababu walijua yaliyomo ndani ya silinda. Huenda lugha iliazima tu picha ya gari la moshi, ambalo moto wake ulionekana kwa macho pale stesheni. Huenda pia neno motokaa lenyewe, ambalo ni Kiingereza kilichokanyagwa na ulimi wetu, lilisaidia, kwa sababu mwenye kulisikia anasikia moto na kaa. Vyovyote iwavyo, picha iliyopatikana ilikuwa sahihi, na ilimpeleka fundi mahali panapofaa.

Kama ni moto, hutafutwaje? Model T ilikuwa na koili nne ndani ya kisanduku cha mbao mbele ya dereva, moja kwa kila silinda, na kila moja ilikuwa na kibati kilichotetemeka na kulia kama nyuki. Injini ikiyumba, ulivibana vibati kwa vidole, ukaacha kimoja tu kikilia, ukasikiliza silinda yake ikifanya kazi peke yake. Ukaachilia cha pili. Uliyemwachia injini isibadilike chochote, huyo ndiye mgonjwa. Kisha ulitoa plagi ukasoma uso wake: masizi makavu meusi ni petroli nyingi kuliko hewa, mafuta mazito yanayong'aa ni ringi za pistoni zilizolika, weupe uliokauka ni joto la kupita kiasi, rangi ya kahawia ni afya. Hakuna chombo cha umeme hapo. Ni vidole, masikio na macho.

Kama ni mafuta, shida nyingi zilitoka kwenye debe. Petroli haikuuzwa kwa bomba la kituo. Ilisafirishwa kwa madebe ya galoni nne, mawili katika kasha la mbao, nayo ikachukua kutu, mchanga na maji njiani. (Debe lenyewe, kama gari, tulilipata kutoka India, na baada ya petroli kwisha likawa kipimo cha mahindi, ndoo, na hata paa la nyumba.) Waangalifu waliichuja kwa ngozi laini, ambayo hupitisha petroli na kuzuia maji. Wasio waangalifu walisimama kila maili chache kufungua kabureta na kupuliza kitundu chake. Adhuhuri ya kiangazi nayo ilikuwa na mtego wake: petroli huchemka ndani ya mrija, mvuke ukaziba njia, na injini ikazima ingawa tangi limejaa. Dawa yake ilikuwa kitambaa kilicholowa, kikafungwa kwenye mrija. Lakini maji hayo hayo ndiyo yaliyotakiwa pia na rejeta iliyokuwa inatokota, na na watu wenye kiu. Si ajabu reli ikabaki kimbilio, kwa kuwa stesheni ilikuwa na maji ya kulisha injini za mvuke.

Kuna kitenzi kimoja kitakachowaudhi wasanifishaji: kumisi. Gari inamisi. Ni mkopo mtupu, na Kiswahili kina kukosa na kuruka. Mimi nimekikubali. Mtu akisema gari linaruka, nitadhani ni mashimo ya barabara. Akisema linakosa, nitauliza linakosa nini. Akisema linamisi, kila fundi toka Mlolongo hadi Sultan Hamud anajua kwamba silinda moja haiwaki. Neno lililokwisha kupata maana moja tu si la kufukuzwa kwa sababu ya ukoo wake.

Linalonisumbua ni kwamba lugha hii haifundishwi popote. Mafunzo ya ufundi katika vyuo vyetu hutolewa kwa Kiingereza. Yule mzee wa Konza ana mjukuu aliyemfundisha kazi tangu utotoni, kijana wa kusikiliza injini akiwa amefumba macho. Alikwenda kutafuta cheti, akaanguka karatasi ya nadharia. Nilimsomea maswali kadhaa ya aina ile, nikiyageuza kwa maneno ya babu yake: moto ukiwahi, utajuaje? Plagi ikiwa na masizi, utatazama wapi? Alijibu yote, moja likanishinda hata mimi kuelewa mpaka aliponichorea mavumbini. Kwa karatasi ile, kijana huyo hajui kitu. Sasa anafanya kazi kwa siku katika gereji ya mtu mwenye cheti, na mwenye cheti humwita kila gari linapomshinda.

Mzee ana miaka zaidi ya 80. Nimekwishaandika daftari moja la maneno yake, na kuna mengi sijayakuta kwingine, hasa ya milio: jinsi valvu iliyolegea inavyogonga na jinsi beringi iliyokwisha inavyolia, ambayo kwake ni sauti mbili zisizochanganyika. Nitarudi Konza mwezi ujao. Msomaji aliye na babu au mjomba aliyezungusha hendeli, amkalishe na daftari, kisha aniandikie kupitia mhariri.