Karafuu na Muhogo: Hukumu za Watu wa Pemba Wakati wa Njaa

Wasimuliao habari za njaa huhesabu magunia, wakasahau ya kwamba mwenye njaa naye hupima na kuamua. Tutazame Ole, kati ya Chake Chake na Wete, katika kisiwa cha mikarafuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Mzee Karume, ikitaka watu wajitegemee, ilipunguza mno mchele wa ng'ambo, na uliobaki ukagawiwa kwa kipimo. Wakati uo huo karafuu zilikuwa ghali duniani, lakini mkulima alilazimika kuiuzia Serikali kwa bei ndogo.

Basi mwenye shamba afanyeje? Aliyeiuzia Serikali alipata fedha, wala hapana mchele wa kununua. Aliyezipeleka Mombasa kwa magendo, usiku, alihatarisha uhai wake. Aliyeshika jembe alingoja muhogo ukomae, watoto wakila ndizi na shelisheli.

Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na mrithi wake, Aboud Jumbe, akalegeza masharti. Lakini hukumu zile zilikwisha katwa majumbani, bila ya karani wa kuziandika. Nazo pia ni historia, yatupasa tuwaulize wazee.