Tabo na Krenki Ndefu: Kutoka Safari ya 1984 Hadi Milima ya Silibwet

Ubishi huu hauishi katika gereji za Bomet, na Silibwet nayo ina wabishi wake: injini ya tabo inadumu au haidumu? Mafundi wa zamani humtolea mtu mfano wa Isuzu FRR ya enzi zao, ile ya silinda sita, lita 8.2, isiyo na tabo, iliyobeba majani ya chai miaka nenda miaka rudi. Vijana hujibu kwamba FRR ya sasa ina silinda nne tu, lita 5.2 na tabo juu yake, na mlima inaupanda. Kinachosahaulika katika mabishano hayo ni kwamba sehemu nzuri ya jibu ilipatikana hapahapa Kenya, miaka 40 iliyopita.

Kwanza mlima wenyewe. Silibwet, jirani ya hospitali ya Tenwek, iko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 ya ile ya Mombasa, kwa hiyo injini isiyo na tabo huwa imepoteza karibu moja kwa tano ya nguvu zake kabla dereva hajatia gia. Dawa ya ugonjwa huo, yaani tabo, ni ya kale. Mswisi Alfred Büchi alisajili wazo la kutumia moshi wa injini kusukuma hewa ndani ya injini hiyohiyo mwaka 1905. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Marekani, mita 4,300. Bila tabo ilitoa nguvu za farasi 230. Kwa tabo ikatoa 356. Ndiyo kusema tabo ilikuwa kifaa cha nchi za juu zamani sana kabla haijawa pambo la vijana wa mjini.

Lakini nchi za juu hudai malipo. Hewa ikiwa nyepesi, tabo hulazimika kuzunguka kasi zaidi ili ifikishe msukumo uleule, na hewa iliyobanwa zaidi hutoka ikiwa moto zaidi. Joto hilo huishia kwenye pistoni, kwenye gasketi na kwenye oili.

Sasa turudi kwenye Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953. Hadi 1983 hakuna gari la tabo lililokuwa limeyashinda. Mwaka huo Audi Quattro zilichukua nafasi ya pili na ya tatu nyuma ya Opel Ascona 400 ya Ari Vatanen, gari lisilo na tabo. Kisha ikaja Toyota Celica Twincam Turbo, iliyotayarishwa Cologne na kikosi cha Ove Andersson, yeye mwenyewe mshindi wa Safari ya 1975 akiwa na Peugeot 504.

Injini ya Celica ile ndiyo kiini cha habari yetu, maana ilirefushwa krenki. Ya kiwandani ilikuwa na sentimita za ujazo 1,791: silinda zenye upana wa milimita 85.5 na pistoni zinazosafiri milimita 78. Kanuni za wakati huo zilizidisha ujazo wa kila injini ya tabo kwa 1.4, na Toyota ilitaka kujaza daraja la chini ya 3,000 bila kuacha nafasi. Silinda zikapanuliwa hadi 89, mwendo wa pistoni ukaongezwa hadi 84, ujazo ukafika 2,090. Zidisha kwa 1.4 upate 2,926. Hesabu ya kikarani, ukitaka kuiita hivyo, lakini kilichoyabeba matokeo yake ni chuma.

Krenki ikirefuka, pistoni hupewa safari ndefu zaidi kwa muda uleule. Kwa mizunguko 7,000 kwa dakika, pistoni ya milimita 78 hukimbia kwa wastani wa mita 18.2 kwa sekunde. Ya milimita 84 hukimbia mita 19.6. Tofauti hiyo yaonekana ndogo. Hata hivyo kila inapofika juu au chini pistoni lazima isimame kabisa na kurudi, na konrodi ndiyo inayoivuta. Tena konrodi huinama zaidi, ikaisukuma pistoni kwenye ukuta wa silinda. Ongeza msukumo wa tabo juu ya hayo.

Na bado Björn Waldegård alishinda 1984. Juha Kankkunen akashinda 1985, Waldegård akiwa wa pili katika Celica nyingine, na mwaka 1986 Waldegård akarudia. Miaka mitatu mfululizo, kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, huku Peugeot na Audi wakileta magari ya magurudumu manne. Siri yake haikuwa ya kichawi: kwa Safari injini zilipunguzwa nguvu kuliko zilipokwenda mbio za Ulaya. Msukumo wa tabo ulishushwa kusudi gari lifike.

Hapa lakini mabingwa wa kijiweni huruka hatua. Injini ya timu ya kiwanda katika Safari iliishi siku chache, kisha ikafunguliwa na kuundwa upya. Ilithibitisha kwamba tabo na krenki ndefu vinaweza kustahimili mateso. Kwamba vinaweza kustahimili miaka kumi mikononi mwa mtu wa mshahara, hilo haikuligusa.

Ushahidi ulio karibu zaidi na maisha yetu naupata kwa Subaru. Januari 1989 Legacy ya tabo ilikimbizwa Arizona hadi ikamaliza kilomita 100,000 kwa muda wa saa 447 na dakika 44, wastani wa kilomita 223 kwa saa. Mwaka uliofuata Mkenya Patrick Njiru aliendesha Legacy ya Kundi N, daraja la magari yanayokaribiana na yale ya dukani, akamaliza Safari katika nafasi ya nane. Kabla yake hakuna gari la kundi hilo lililokuwa limefika mwisho. Kwangu nafasi hiyo ya nane ina uzito kuliko ushindi mwingi, kwa sababu injini ile tungeweza kuinunua.

Na tuliinunua. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka minane, kwa hiyo Forester na Impreza za tabo zilishuka Mombasa zikiwa na historia ya mwenye gari aliye ng'ambo. Nyingi ziliandaliwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, yenye oktani kama 100. Kijana akimwomba fundi aongeze msukumo kwa mafuta ya oktani ndogo, petroli huanza kulipuka kabla ya wakati wake, na kingo nyembamba zinazoshika ringi za pistoni hupasuka. Mwingine hutaka injini ya lita 2.5 badala ya 2.0: silinda kutoka milimita 92 hadi 99.5, mwendo kutoka 75 hadi 79. Mvuto unaongezeka, ndiyo. Kuta kati ya silinda zinapungua unene, nazo gasketi zinabaki na mahali padogo pa kukaa.

Je, basi krenki ndefu ndiyo mkosaji? Itazame tena FRR ya sasa. Injini yake ya lita 5.2 ni ya ukoo uleule na ile ya lita 4.6 ya Isuzu NQR. Upana wa silinda ni milimita 115 kwa zote mbili, ila mwendo wa pistoni umetoka 110 ukafika 125. Nayo imerefushwa krenki na kuvikwa tabo, sawasawa na Celica ya Waldegård. Tofauti ni kwamba nguvu zake za juu kabisa hupatikana kwenye mizunguko 2,600, ambapo pistoni hukimbia mita 10.8 tu kwa sekunde, kidogo zaidi ya nusu ya mwendo wa Celica. Krenki haina kosa ikiwa hailazimishwi kukimbia.

Kinachobaki kuiua FRR ni oili. Mhimili wa tabo huelea juu ya utando wa oili, na lori likizimwa ghafla baada ya kupanda mlima na mzigo, oili iliyonasa humo huungua ikawa masizi. Ndiyo maana mwongozo wa injini za tabo humtaka dereva aiache injini iungurume taratibu kidogo kabla ya kuzima. Filta ya bei ya chini na oili iliyopitiliza kilomita zake hufanya kazi ileile ya uharibifu, polepole zaidi. Kwa hiyo anayetaka kununua Forester ya tabo Silibwet asianze na rangi wala rimu. Amwulize mwenye gari ni oili gani imekuwa ikimwagwa humo, na hubadilishwa kila baada ya kilomita ngapi. Akijibiwa kwamba gari limetoka Japani juzi, bado hajajibiwa.