Askari Aliyegeuza Makali ya Upanga

Leo tutazungumza juu ya katuni moja ya televisheni iliyotoka kule Japani. Tafadhali msizime redio mkisema ni mambo ya watoto. Inaitwa Rurouni Kenshin, nayo ilionyeshwa kwao tangu mwezi wa kwanza 1996 mpaka mwezi wa tisa 1998.

Kenshin ni mtu wa kutangatanga. Wazazi wake walikufa kwa kipindupindu. Alipofika umri wa miaka 14 aliingizwa vitani, akawa anaua watu mjini Kyoto kwa ajili ya wale waliotaka kuangusha utawala wa shogun. Sisi tungemwita kadogo. Mwaka wa 1868 upande wake ulishinda. Hakudai cheo. Aliondoka, akaapa kutoua tena, akatembea miaka 10 na upanga wa ajabu: makali yake yamegeuzwa, yanamwelekea yeye mwenyewe, na akipiga anapiga kwa upande butu.

Kenshin hakuishi, lakini vita hivyo vilikuwa vya kweli. Aliyemtunga alichukua mfano wa mtu wa kweli, Kawakami Gensai, ambaye alimuua mwanachuoni Sakuma Shozan mwaka wa 1864. Gensai naye alikuwa upande wa washindi. Chuki yake juu ya wageni haikuisha, na serikali ile ile mpya ikamhukumu kifo, akauawa mwaka wa 1872.

Basi, samurai wengine walifanyiwa nini? Mwaka wa 1876 serikali ilikataza watu kubeba panga hadharani, isipokuwa askari, polisi na wakubwa wachache. Mwaka huo huo posho waliyoizoea tangu mababu ilikatwa, wakapewa hati za deni la serikali. Fikirini, ndugu zangu: mtu amejifunza kazi moja tu, ya vita, na mwaka mmoja anapoteza silaha na chakula. Wengine walijaribu biashara wakafilisika. Mwaka wa 1877, huko kusini, maelfu walimfuata Saigo Takamori kupigana na serikali ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuizaa. Walishindwa, Saigo akafa mwezi wa tisa. Tarehe 14 mwezi wa tano 1878, samurai wenye hasira walimuua waziri Okubo Toshimichi mjini Tokyo. Kifo hicho kimo ndani ya katuni, ila muuaji amebadilishwa.

Lakini kuna mwingine. Saito Hajime alipigana upande wa shogun, upande ulioshindwa. Baadaye alipokelewa katika polisi ya Tokyo, na mwaka wa 1877 alipigana kwa ajili ya serikali iliyokuwa adui yake. Alikufa mwaka wa 1915. Yeye pia yumo katika katuni, na kwangu mimi huyu anastahili kuangaliwa kuliko mapigano yote.

Na Kenshin? Katika sehemu ya kwanza, polisi wanamfukuza kwa sababu ya upanga wake. Anakutana na msichana Kaoru, mwalimu wa upanga, ambaye jina la shule yake limechafuliwa na muuaji. Kenshin anamsaidia. Kaoru anajua sasa huyu mgeni alikuwa nani, hata hivyo anamwambia abaki. Anabaki. Mara nyingi tunamwona uani, amekunja mikono ya kanzu, anafua nguo za watu wa nyumba ile.