Emeritus si kila mstaafu

Juma hili tulitazame neno linalopachikwa baada ya ‘profesa’ katika vyuo vikuu vyetu: emeritus. Wengi hudhani ni ‘mstaafu’ tu. Historia yake yasema vingine.

Hiki ni kivumishi cha Kilatini kilichotokana na kitenzi chenye maana ya kustahili au kuchuma kwa kazi. Kiambishi e- huongeza dhana ya ‘hadi mwisho’. Warumi walimwita hivyo askari aliyemaliza muda wake wa utumishi na kuagwa kwa heshima. Enzi za Kaisari Augustus, muda huo ulikuwa miaka 16 kwa askari wa kawaida, kisha mwaka wa 5 BK ukaongezwa hadi 20. Aliyeumaliza alipewa shamba au fedha. Mtoro hakuitwa emeritus hata kidogo!

Mnamo 25 KK Augustus aliwaanzishia askari hao mji huko Uhispania, Colonia Augusta Emerita. Mbona Emerita, si Emeritus? Ni upatanisho, msomaji wangu. Vivumishi vya Kilatini hufuata jinsia tatu za kisarufi: emeritus ya kiume, emerita ya kike, emeritum isiyo ya kiume wala ya kike. Wingi wake ni emeriti, emeritae na emerita. Colonia ni nomino ya kike, basi kivumishi kikaifuata, kama sisi tusemavyo ‘mti mzuri’ lakini ‘kiti kizuri’. Baadaye nomino ikadondoka, kivumishi kikabaki peke yake: ndio mji wa Mérida wa leo.

Kwa hivyo, anayeazima Kilatini amwandike profesa wa kike emerita, nao wakiwa wengi, emeritae. ‘Maprofesa emeritus’ si Kilatini wala si Kiswahili.

Na sisi je? ‘Kustaafu’ ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kiini chake ni kuomba kuondolewa wajibu. Tazama tofauti: huyu ameomba kupumzika, yule amestahili kutunzwa. Kila emeritus ni mstaafu, lakini si kila mstaafu ni emeritus. Hadhi hiyo hutolewa na chuo kwa utumishi uliotukuka.

Kiswahili tayari kina ‘mstahiki’, tunalompa meya. Maana yake hasa ni anayestahili, sawa kabisa na shina la Kilatini. Tena halibagui mwanamume na mwanamke, na wingi wake ni ‘wastahiki’. Kwa nini basi tusiseme ‘profesa mstahiki’? Ila tukimpa kila anayefikisha umri wa kwenda nyumbani, hata neno hilo litachakaa.