Bendera na Samaki: Usomaji wa Takwimu za Uvuvi wa Samaki Bapa, 1945–1990

Majedwali ya uvuvi wa samaki bapa, jamii ambayo kwenye pwani ya Afrika Mashariki huwakilishwa na gayogayo, kwa kawaida hupangwa kwa nchi. Mpangilio huo humshawishi msomaji kuamini kwamba nchi inaposhuka, samaki wamepungua. Historia ya Bahari ya Bering inaitia shaka imani hiyo.

Mwaka 1961 meli za Japani na za Umoja wa Kisovieti zilivua huko zaidi ya tani 500,000 za samaki bapa wa mapezi ya njano (Limanda aspera). Sehemu kubwa iligeuzwa unga wa samaki. Kufikia mwaka 1963 kiasi hicho kilikuwa chini ya tani 100,000. Anguko hilo lilikuwa la samaki hasa, kwani bahari ilikuwa imekombwa.

Kushuka kwa Japani katika miaka ya 1980 ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 ilipanua mamlaka yake ya uvuvi hadi maili 200 za baharini. Wageni hawakuondolewa kwa mkupuo. Kwa kipindi fulani palikuwa na ubia ambamo mashua za Kimarekani zilivua, kisha zikakabidhi nyavu zilizojaa, baharini humohumo, kwa meli za kigeni za kusindika. Samaki hao walihesabiwa kuwa wa Marekani, ijapokuwa mikono iliyowasindika na masoko yaliyowapokea hayakuwa yake. Hivyo mstari wa Japani ulishuka na wa Marekani ukapanda bila bahari yenyewe kusema lolote.

Katika Bahari ya Kaskazini mkanganyiko ulizaliwa na mgao. Baada ya Jumuiya ya Ulaya kuafikiana mwaka 1983 kugawa viwango vya uvuvi kwa nchi wanachama, baadhi ya wamiliki wa Kiholanzi walisajili meli zao Uingereza. Samaki aina ya plaisi waliokatwa kwenye mgao wa Uingereza wakashushwa katika bandari za Uholanzi. Mtafiti anayelinganisha mataifa haya mawili kwa bendera pekee hulinganisha daftari za usajili. Takwimu za Baraza la Kimataifa la Uchunguzi wa Bahari, lililoanzishwa mwaka 1902, zinafaa zaidi kwa swali hili, kwa kuwa huigawa bahari kwa maeneo, na eneo halibadilishi bendera.