Jelebi na Safari ya Jina Lake
Wengi huhisabu jelebi, zile duara za unga zilizolowa shira, kuwa ni za Kihindi tangu asili. Jina lenyewe lashuhudia mengine. Katika karne ya 10, Ibn Sayyar al-Warraq wa Baghdad aliandika mapishi ya zulabia. Waajemi nao wakaiita zulbia. Ilipofika takriban mwaka 1450, jelebi ilikwisha kutajwa huko India, katika kisa cha Kijaini cha Jinasura, kwenye karamu ya tajiri mmoja. Kabla ya 1600, kitabu cha Kisanskriti, Gunyagunabodhini, kikaeleza upishi wake, nao wafanana na wa leo.

Nyumbani, unga laini wa ngano hukorogwa kwa maji na mtindi, ukaachwa usiku kucha uumuke. Asubuhi hukamuliwa kwa kitambaa chenye tundu, mkono ukizunguka juu ya samli ya moto. Kisha jelebi hutoswa katika shira vuguvugu yenye zafarani. Mwenye haraka hukosa ule uchachu unaoukata utamu.

Basi kuigombea kati ya Baghdad na India ni kazi bure. Jina lilikuja na wageni. Mikono iliyoumua unga ule kwa zaidi ya karne 5 ndiyo iliyoifanya mwenyeji. Lugha ya Pwani yalijua hilo: neno lililopokewa vyema halibaki geni.